Mazungumzo: Uyoga Katika Mabua ya Mpunga



Unapovunwa mpunga katika mabonde ya Cheju, Kibokwa na Bumbwisudi hapa Unguja, na katika mabonde ya Pemba, mabua hubaki kondeni. Baadhi hulishwa ng'ombe, na mengine hutiwa moto ili konde lisafike. Wengi huyahesabu kuwa ni taka. Lakini mabua hayo hayo huotesha uyoga wa kuliwa, hata kwa mtu asiyemiliki shamba. Mazungumzo haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo, pamoja na mambo yanayomletea hasara anayeianza bila ya hadhari.

Uyoga hauna majani ya kijani, wala haujitengenezei chakula kwa nuru ya jua kama ufanyavyo mchicha. Huishi kwa kumeng'enya mabaki ya mimea. Kwa hiyo mabua ya mpunga, mabua ya mahindi na majani makavu ya mgomba ni riziki yake. Unaofaa zaidi kwa anayeanza ni ule uitwao mamama. Ziko aina zake zinazopenda baridi na zinazostahamili joto. Kwa visiwa vyetu yapasa kuomba mbegu ya joto, na wakati mzuri wa kuanza ni kipupwe.

Mbegu yake ni punje za nafaka, aghalabu mtama, zilizotandwa na nyuzi nyeupe za uyoga. Hutengenezwa na wataalamu katika maabara, na hapana budi inunuliwe kwao. Uyoga wa porini usifanywe mbegu, wala usiliwe na asiyeujua kwa yakini. Uko uyoga unaoua, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mabua makavu yasiyo na ukungu hukatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5, yakarowekwa usiku kucha. Asubuhi hutiwa katika pipa na kuchemshwa kwa muda wa saa 2, kisha huchujwa na kuachwa yapoe kabisa, kwani mabua ya moto huua mbegu. Konzi ya mabua ikikamuliwa kwa nguvu itoe matone machache tu. Ikichuruzika, maji yamezidi.

Baada ya hapo mabua hupangwa kwa tabaka ndani ya ndoo yenye kifuniko, iliyotobolewa matundu pembeni, na kila tabaka hunyunyizwa mbegu. Kilo 10 za mabua yaliyolowa huhitaji gramu 300 hadi 500 za mbegu. Ndoo huwekwa gizani kwa wiki 2 hadi 4, mpaka mabua yote yatandwe meupe. Ndipo huhamishiwa penye mwangaza hafifu na hewa ya kutosha, na sakafu na kuta hurushiwa maji mara 2 au 3 kwa siku. Mtumishi aweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi. Uyoga huchumwa kabla kingo zake hazijapinduka juu, kwani ukikomaa mno hutoa vumbi laini linaloleta kikohozi.

Kilo 10 za mabua makavu, zikitunzwa vyema, zaweza kutoa kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi katika michumo 3. Anayeanza na apige hesabu yake kwa kilo 5. Kadhalika, isidhaniwe kwamba uyoga utachukua nafasi ya samaki na kunde. Kilo 1 mbichi ina takriban gramu 900 za maji, na protini gramu 20 hadi 30. Ni kitoweo cha kusaidia vitoweo vingine.

Ama hasara, huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni uchafu. Mikono isiyooshwa kwa sabuni, au mabua yasiyochemka sawasawa, hukaribisha ukungu wa kijani unaoila mbegu kabla haijaota. Ndoo iliyopatwa itolewe nje siku hiyo hiyo bila ya kufunuliwa karibu na nyenziwe. Mlango wa pili ni soko. Katika joto letu uyoga mbichi usiotiwa katika friji hauvuki siku 1 au 2. Mnunuzi atafutwe kabla ya kuchuma, na unaobaki uanikwe juani mpaka ukauke kabisa. Kilo 10 mbichi hubaki kama kilo 1 kavu.

Kwa sababu hizo, wananchi wanashauriwa waanze na ndoo 2 au 3, wala wasikope fedha kwa jaribio la kwanza. Vikundi vya kina mama na vijana vinaweza kugawana pipa moja na gharama za mbegu. Mabwana shamba na mabibi shamba waulizwe kabla ya kununua chochote.

Mabua yaliyokwisha kuotesha uyoga yasitupwe, kwani huoza yakawa mbolea ya bustani. Mkulima aliyezoea kuyatia moto aweka akiba mafungu machache msimu huu, atajaribu kwa mikono yake kabla ya kuamua.