Karatasi za babu zetu zisahihishwe



Mwenzetu mmoja alituonyesha karatasi ya babu yake, askari wa Force Publique. Inasema alitumika Stanleyville, basi. Lakini ku nyumba iko medali yake, iko na barua aliyotuma toka Abisinia. Karatasi imekata maisha ya mzee nusu.

Askari wa Kongo walipita Sudani, wakapigana Asosa na Gambela, na mwezi wa Julai 1941 jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha kwao kule Saïo. Wengine walifika mpaka Burma, kwa hospitali ya vita. Mwaka 2022, Kinshasa, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha mzee Albert Kunyuku nishani. Tulifurahi. Na wale wengine, je?

Tunaomba mambo tatu: jeshi lifungue mafaili, Ubelgiji itoe kopi za yale inayochunga, na kusahihisha kusilipishe familia hata franga moja.

Na weye, angalia ndani ya sanduku la babu. Usiuze medali. Leta kila karatasi, tuorodheshe pamoja. Watoto wao nao wamezeeka, tusingoje wazikwe.

Sisi vijana wa Makiso