Kosa la Eksirei Liandikwe

Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi katika jimbo la Haut-Katanga, Kongo, watu wanaishi kwa shaba, na kifua kilichovuta vumbi la mgodi huhitaji picha ya eksirei. Picha ikibandikwa jina la mwingine, nani anaandika kosa hilo?

Kosa lisilogunduliwa hudumu: mwaka 2009 hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, iligundua kuwa kwa miezi 18 wagonjwa zaidi ya 200 walipigwa skana ya ubongo kwa mionzi takriban mara nane ya kiwango kilichokusudiwa. Aliyefichua kosa hilo ni mgonjwa aliyenyonyoka nywele. Na ile ni hospitali tajiri!

Wakuu wa hospitali za Haut-Katanga, wekeni daftari la makosa katika kila chumba cha eksirei, na fundi anayeripoti kwa ukweli asiadhibiwe.