Kesi Imekwisha, Rekodi Bado Ipo

Msikilizaji wetu uliyeko Ohio, kesi yako ilifutwa? Au adhabu umeshaimaliza? Rekodi yako bado inaonekana. Mwajiri anaiona. Mwenye nyumba anaiona. Mahakama inaweza kuifunga isionekane na umma, lakini haijifungi yenyewe. Lazima uombe.

Nenda kwa karani wa mahakama ileile iliyoamua kesi yako. Omba fomu ya kufunga rekodi. Huna pesa ya ada? Omba usamehewe, kwa hati ya kiapo. Ukipangiwa siku ya kusikilizwa, fika.

Baadhi ya makosa hayafungiki, yakiwemo mengi ya barabarani. Na kama si raia, zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Hata rekodi ikifungwa, maafisa wa uhamiaji wanaweza kuiulizia. Usiifiche.

Kumbuka: rekodi haijifungi yenyewe. Nenda mahakamani, uombe.