Hoteli ya Masindi na nyumba yetu ya wageni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu, Baraka)

Niliombwa niseme juu ya projeti ya nyumba ya wageni. Mbele ya kupiga kura, niwapeleke kidogo Uganda, kwenye hoteli moja ya zamani.

Masindi ni mji mdogo wa njia ya mafuta. Kwetu ukisema mafuta, kila mtu anafikiri mawese. Ya kule ni petroli. Ilitangazwa 2006 kwamba iko chini ya udongo kando ya Ziwa Albert, na bomba la kuipeleka Chongoleani, karibu na Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443.

Lakini hoteli yao ilikuwepo mbele ya petroli. Watu wa reli waliijenga 1923. Kwa nini pale? Kwa sababu ya njia. Msafiri alishuka treni Namasagali, akapanda meli ya Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, akaingia motokari hadi Masindi, akalala. Kesho yake aliteremka Butiaba, na meli ya Ziwa Albert ikamvusha hadi Kasenyi, huku kwetu Congo.

Wageni wanapenda kusimuliwa habari za Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani. Januari 1954 ndege yake ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison. Kesho yake ndege ya pili ikawaka moto Butiaba. Akafikishwa Masindi kwa gari, huku magazeti yakitangaza kwamba amekufa.

Mimi kilichonigusa ni kingine. Kati ya 1961 na 1964 maziwa yalipanda. Wazee wa Ubwari wanakumbuka, maana Tanganyika yetu pia ilipanda. Maji yakaiharibu bandari ya Butiaba, na 1964 meli kubwa, Robert Coryndon, ikazama. Njia ikafa. Kuta za hoteli zilibaki zimesimama, lakini wasafiri waliojengewa hawakuja tena. Imebaki hai mpaka leo kwa sababu ilipata wageni wa aina ingine.

Sasa turudi Baraka. Tulipoanza kurudi kwa meli toka Kigoma, 2005, ma-ONG yalijaa hapa. Mwenye nyumba nzuri alipangisha, yeye akahamia nyuma ya uwanja. Leo projeti yetu inahesabu vyumba vikubwa vya hao hao. Mimi nakula mshahara wa ONG, njo maana nasema bila kuficha: sisi ni wageni wa kupita. Fedha zikikatwa kule Ulaya, ofisi inafungwa, na ninyi mnabaki na vitanda vitupu na deni.

Lakini wako wageni wasioondoka. Kuna mama anayeleta mawese sokoni na kulala juu ya bidoni zake. Kuna mfanyabiashara wa ndagala toka Kazimia anayengojea boti siku mbili. Kuna mwenye mgonjwa hospitali, hana ndugu mjini. Hao walikuwepo mbele ya ma-ONG, na watakuwepo nyuma yao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Vyumba viwe vidogo na vya bei ndogo, pamoja na depo ya kufunga mizigo kwa ufunguo. Kiwanja tukitafute juu, mbali na ziwa; miaka hii tumeona wenyewe maji yalivyoingia ndani ya nyumba za watu. Na karatasi za kiwanja ziandikwe kwa jina la shirika, si la mtu mmoja. Kati yetu wako wengi waliorudi toka Nyarugusu na Lugufu wakakuta shamba la baba lina mwenye mwingine. Tusijitengenezee kesi ya namna ile.

Wafadhili, najua nyumba kubwa inapendeza kwenye picha. Lakini mkirudi hapa baada ya miaka kumi, ni afadhali mkute nyumba ndogo iliyojaa watu.

Kura iko mikononi mwenu.