Mke kwa Sheria ya Wapi?

Wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho, nimepewa dakika tano. Nimekata habari za watu miaka mingi, leo zamu yangu.

Kuna neno nalichukia magazetini: hawara. Nikiwa bado mwandishi mchanga nilitumwa Arusha kwenye msiba wa dereva wa lori. Wakatokea wanawake wawili. Wa Nairobi alikuwa na cheti cha ndoa. Wa Arusha hakuwa na karatasi. Alikuwa na miaka 11 ya kuishi naye na watoto 3. Nikaandika: "Mke, hawara wagombea maiti." Gazeti likaisha kabla ya saa nne asubuhi. Wiki iliyofuata mama wa Arusha akaja ofisini, akaliweka gazeti mezani. "Mwanangu, hili neno umepewa na hakimu gani?"

Nilikuwa sijawahi kuisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Labda cheti cha Nairobi kingeiangusha dhana hiyo, lakini kuiangusha ni kazi ya mahakama, si ya kijana mwenye kalamu. Tena kifungu hicho ni cha Tanzania Bara tu; ukishuka boti Unguja, ndoa ya Waislamu ni ya kadhi. Vukeni Namanga: sheria ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za kanisani, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana.

Kwa hiyo ulizeni ndoa ilifungwa wapi: bomani, kanisani, kwa shekhe, au wazee walipokea mahari? Andikeni hivyo hivyo. Kama hakuna, andikeni "aliyeishi naye miaka 11". "Anayejiita mke" sitaki hata kuisikia; huo ni umbea uliovaa tai. Mtaniambia kichwa cha habari hakitoshi. Punguzeni picha!

Masahihisho ya habari ile tuliyachapa ukurasa wa 17, chini ya tangazo la mganga. Yule mama hakurudi.

Naona mshereheshaji ananionyesha saa.