Jiko Jipya Huanza Kwenye Daftari

(Mazungumzo haya yalitolewa na mama mmoja, mhitimu wa kisomo cha watu wazima, mbele ya wanakijiji wenzake katika mkoa wa Mwanza. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)

 

Nimeombwa niseme habari za jiko langu. Wengi wenu mmekuja kulitazama. Mmeona bati. Mmeona dohani, yaani lile bomba la matofali la kutolea moshi. Mkaniuliza, "Mama, pesa mmezipata wapi?" Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza. Pesa zetu ni za pamba, kama zenu. Tena mwaka wa nyuma yake tulikuwa na pesa pia, na zikapotea. Swali la kwanza ni hili: mliandika nini kabla ya kununua?

Nitaanza na aibu yetu, maana aibu nayo hufundisha.

Mwaka ule wa nyuma tuliuza pamba mwezi wa saba. Baba watoto alinisikia nikilalamika juu ya moshi. Ni mtu mwema, akataka kunifurahisha. Akaenda mjini, akasikia saruji imeshuka bei, akanunua mifuko mitano. Tulifurahi sana. Mifuko tukaiweka chini, juu ya udongo, pembeni mwa nyumba, tukingoja pesa ya bati. Pesa ya bati ikaliwa na ada, ikaliwa na msiba. Mvua za vuli zikaja. Unyevu ukapanda kutoka chini. Siku tulipofungua mfuko wa kwanza, jembe liligonga jiwe. Mifuko yote mitano imekuwa mawe! Miwili iko pale nje ya mlango mpaka leo. Wageni huikalia.

Na mimi nikaendelea kupika kwenye mafiga matatu, chini ya paa la nyasi, bila dirisha. Mtoto wangu wa mwisho nilikuwa nikimbeba mgongoni nikisonga ugali. Akawa anakohoa usiku kucha. Tulipompeleka kwenye zahanati, mganga aliniuliza, "Mama, unapikia wapi?" Nikamweleza. Akasema dawa atanipa, lakini dawa haiwezi kushindana na moshi wa kila siku.

Jamani, moshi si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Wanaovuta moshi huo zaidi ni akina mama na watoto wadogo, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na moto. Mtoto mdogo akivuta moshi huo kila siku, ni rahisi kupata kichomi.

Basi, nilipotoka zahanati nikachukua daftari langu la kisomo. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Usiku nikamwambia baba watoto, "Mwaka huu hatununui kitu mpaka tumeandika." Akacheka. Akasema, "Jiko nalo linataka daftari?" Nikamjibu, "Saruji ilikosa daftari, ikawa kiti." Akanyamaza. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

Tulifanya kazi kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza: Kuandika shida

Hatukuandika vitu vya kununua. Tuliandika shida. Tena tulimwita mama mkwe wangu, maana naye anapika pale. Nikaandika: moshi hautoki, paa linavuja na linaweza kushika moto, giza, sakafu ina vumbi, vyombo viko chini, kuku wanavipitia.

Mama mkwe akasema neno ambalo mimi sikulifikiri. Alisema, "Moshi ukitoka, mahindi ya mbegu tutayaning'iniza wapi? Moshi ndio unaofukuza wadudu." Kweli kabisa! Tukaandika na hilo. Tukakubaliana mbegu tutazikausha vizuri, kisha tutazitia katika dumu lenye mfuniko wa kubana. Dumu tulikuwa nalo. Mjue basi: aliyezoea jiko anajua mambo ambayo fundi hayajui. Muulizeni kwanza.

Hatua ya pili: Kupima

Tulichukua kamba, tukaipima kwa futi ya fundi, tukafunga fundo kila mita moja. Jiko letu lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2 na nusu. Kuta za udongo zilikuwa bado imara, tukaamua zibaki. Kubomoa ni gharama.

Kwa nini kupima? Kwa sababu bati halinunuliwi kwa macho. Bati moja la mita 3 likilazwa juu ya mwenzake hufunika upana wa kama sentimita 75. Paa letu, pamoja na kuzidi kidogo nje ya kuta, lina urefu wa mita 4 na nusu. Gawanya mita 4 na nusu kwa sentimita 75: unapata 6. Upana ni mita 2 na nusu, bati ni mita 3, kwa hiyo linatosha na kubaki. Bati 6, si 8 na si 5. Jirani alituambia tununue 10!

Hatua ya tatu: Kuandika bei

Nilikwenda mimi mwenyewe kuuliza bei, duka la kwanza na duka la pili. Bei hizi ni za siku ile. Ninyi mtauliza za kwenu. Daftari langu lilisema hivi:

Bati 6 kwa shilingi 27,000: 162,000
Misumari ya aina mbili: 10,000
Saruji ya sakafu, mifuko 4 kwa 18,000: 72,000
Matofali ya kuchoma 200 ya jiko na dohani, kwa 150: 30,000
Madirisha 2 kwa 20,000: 40,000
Fundi, siku 6 kwa 15,000: 90,000
Kubeba mizigo: 15,000
Chakula cha fundi: 18,000
Jumla: shilingi 437,000

Angalieni ile mistari miwili kabla ya jumla. Watu wengi huisahau. Bati haliji kwa miguu yake, na fundi hali upepo. Mirunda ya paa tulikata kwenye shamba letu. Mchanga tulichota mtoni. Udongo wa kichuguu wa kujengea jiko tulichimba wenyewe. Vitu hivyo havikudai pesa, lakini vilidai siku. Nikaviandika pia, pamoja na jina la mtu wa kuvifanya.

Halafu mwalimu wetu akanifundisha jambo moja. Alisema, ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya jambo usilolijua. Sehemu ya kumi ya 437,000 ni karibu 44,000. Jumla ikawa 481,000.

Na pesa tuliyokubaliana kuitoa kwenye pamba ilikuwa 350,000.

Hatua ya nne: Kuchagua

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Au hufunga daftari wakaanza kujenga hivyo hivyo, kisha nyumba ikabaki na kuta bila paa. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa hotuba iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Alikuwa akisema habari za mpango wa nchi nzima. Lakini neno hilo linaingia hata jikoni.

Tukarudi kwenye orodha ya shida. Tukajiuliza: kipi kinaumiza zaidi? Moshi. Moshi unatolewa na nini? Dohani, jiko banifu na dirisha. Je, dohani inaweza kupita katika paa la nyasi? Hapana, cheche zitatuunguzia nyumba. Basi bati haliepukiki. Sakafu je? Vumbi linaudhi, lakini haliui kama moshi. Sakafu ingoje.

Baba watoto alitaka sakafu, nisiwafiche. Sakafu ya saruji huonekana, mgeni akiingia anasifu. Tulibishana siku mbili. Mwisho nilimwambia, "Anayekohoa usiku si sakafu." Akachukua kalamu, akaifuta saruji kwa mkono wake mwenyewe.

Bila sakafu, fundi alihitaji siku 4 tu. Chakula chake nacho kikapungua. Dirisha moja tukampa seremala, la pili tukaacha uwazi wenye fito. Tukaandika upya:

Bati: 162,000
Misumari: 10,000
Matofali: 30,000
Dirisha 1: 20,000
Fundi siku 4: 60,000
Kubeba mizigo: 15,000
Chakula cha fundi: 12,000
Jumla: 309,000
Sehemu ya kumi ya tahadhari: 31,000
Jumla kuu: shilingi 340,000

Ikabaki 10,000. Ndipo tulipokwenda dukani, si kabla.

Tulianza mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Kwanza paa, kisha dohani na jiko, kisha dirisha. Siku ya pili fundi akaniita. "Mama, njoo uone." Mchwa walikuwa wamekula miti ya ukuta wa nyuma. Kuurekebisha ilikuwa shilingi 25,000. Mwaka wa nyuma tungesimama hapo hapo. Safari hii nilifungua daftari, nikatoa pesa ya tahadhari, kazi ikaendelea. Sikukopa, sikuuza mbuzi.

Jiko la kichuguu tuliliacha likauke wiki mbili kabla ya kuwasha moto mkubwa. Sasa moto umefungwa, unatumia kuni chache, na mtoto hawezi kuangukia makaa. Kuta zinabaki na rangi yake. Na yule mtoto wangu analala usiku.

Wengine mtasema, siku hizi watu wanahamia gesi. Ni kweli. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Nasi tumeacha nafasi karibu na mlango. Lakini hata gesi inataka jiko linalopitisha hewa. Gesi ya mtungi ikivuja hutuama chini, na chumba kilichofungwa ni hatari. Dirisha la leo ni la gesi ya kesho pia.

Ndugu zangu, mwaka huu tumeandika mstari mmoja tu: sakafu. Saruji tutainunua siku fundi anapokuja, na tutaiweka juu ya mbao.

Kisomo si kwa ajili ya kusoma barua tu. Bei usiyoiandika, mwenye duka atakuandikia. Baba na mama wasipoandika pamoja, kila mmoja atajenga jiko lake kichwani, na pesa ni moja. Leo jioni, kabla ya kulala, andikeni shida tano za jiko lenu. Kuandika huko hakugharimu kitu.



Maswali ya kujadili
1. Kwa nini familia hii iliandika shida kabla ya kuandika vitu vya kununua?
2. Katika jiko lenu, ni jambo gani lingekuja kwanza, na lipi lingengoja?
3. Paa lenye urefu wa mita 6 linahitaji bati ngapi, kama kila bati linafunika sentimita 75?