Nati za Gurudumu Tusizisahau
(Mazungumzo na vikundi vya mwethya)



Leo tuongee juu ya pikapu ya kikundi. Msimu wa maembe uliopita tulikuwa tukishuka kwenda Wote, gari limejaa maembe na watu. Gurudumu la nyuma likaanza kugonga, ko, ko, ko. Dereva alitaka tufike kwanza. Mama mmoja akasema, "Simamisha, mwanangu." Kumbe nati mbili hazipo, na zilizobaki zinafunguka kwa vidole!

Chanzo ni nini? Tulinunua rimu kuukuu za bei nafuu. Mashimo hayakulingana na stadi za gari letu, basi fundi akaweka adapta, yaani kile kipande cha chuma kati ya habu na rimu. Akakaza, tukaondoka. Hakuna aliyekagua tena.

Basi tushike haya:

1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu mengine kwa mawe. Legeza nati kabla ya kuinua jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Sugua habu, adapta na rimu kwa brashi ya waya. Kutu na vumbi vikibaki katikati husagika baadaye, na nati hulegea.

3. Adapta ilale sawasawa kwenye habu. Stadi za gari zisichomoze zikaisukuma rimu. Usibebanishe adapta mbili.

4. Anza kila nati kwa mkono. Iingie kwenye stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe.

5. Kaza kwa kuvukana, hii kisha ya ng'ambo, usifuate mzunguko. Shusha gari, umalizie kukaza likiwa chini. Fundi akiwa na spana ya kupima mkazo, aitumie.

6. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Kumbukeni, adapta ina nati za ndani pia. Hizo huzifikii mpaka utoe gurudumu.

Lakini kama mnaweza, nunueni rimu inayolingana na gari, msihitaji adapta kabisa. Sisi tuliokoa pesa kidogo, karibu tupoteze watu.

Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kushika spana kabla ya safari. Na gari likigonga, abiria asinyamaze. Yule mama hajui kuendesha, lakini ndiye aliyetufikisha nyumbani.